Kubomoa Ukuta wa Bahari na Kuurudisha Ufuo: Mwongozo Kamili

Simama nyuma ya ukuta wa bahari siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yakijaa, usikilize. Wimbi linalopanda ufuo wa mchanga hupanda likichoka: maji yanatanda, mengine yanazama chini, na mchanga uliobebwa unabaki pale pale. Wimbi hilo hilo likikuta ukuta halina pa kuchokea. Linagonga, linarudi na nguvu zake, na katika kurudi linachota mchanga ulio miguuni mwa ukuta. Piga hesabu ya maelfu ya mapigo kama hayo kwa siku moja, kisha msimu mzima wa upepo wa kusi. Ndiyo maana wengi waliojenga ukuta ili kuokoa ufuo wao leo wana ukuta na ufuo hawana.

Ukuta hulinda kiwanja, haulindi ufuo. Ufuo hulindwa na mchanga, na mchanga ni msafiri: una unakotoka, una njia yake, una unakokwenda. Kwa hiyo kubomoa ukuta si kazi ya nyundo tu. Ni kazi ya kuufungulia mchanga njia, na anayebomoa bila kujua mchanga wake unatoka wapi anaweza kupoteza ukuta na kiwanja kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja, mwenye hoteli ndogo, au kamati ya kijiji iliyo na ukuta wa zege, wa mawe ya matumbawe, wa masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, au hata wa viroba vya mchanga, na inafikiria kuuondoa.

Ukuta unavyoua ufuo

Madhara ni zaidi ya huo mchoto wa miguuni. La pili ni kwamba ukuta hufungia mchanga nyuma yake. Kingo za udongo na vichuguu vya mchanga vilivyo juu ya ufuo ni ghala: dhoruba ikija, bahari hukopa humo, na msimu ukigeuka hurudisha sehemu ya deni. Ukuta umefunga ghala hilo kwa kufuli. La tatu humpata jirani. Mwisho wa ukuta, pale zege linapokoma na mchanga kuanza, mawimbi hujipinda na kula ardhi kwa kasi kuliko mwanzo. Jirani akiona hivyo hujenga ukuta wake, na wa pili yake vilevile. Nimeona ghuba nzima ikizungushiwa mawe kwa namna hiyo, kiwanja baada ya kiwanja, wala hakuna hata mmoja kati ya wenye viwanja aliyekusudia ubaya.

La nne halionekani upesi, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Sehemu ya juu ya ufuo, ile isiyofikiwa na maji ila siku za bamvua kubwa, ndiyo chumba cha uzazi. Kasa hupanda hapo usiku, huchimba na kutaga mayai yanayokaa mchangani takriban miezi miwili. Akikuta ukuta hurudi baharini bila kutaga, au hutaga chini mno na maji huyafikia mayai. Nyasi za bahari na mwani unaotupwa na maji hukusanyika hapo hapo, wadudu na kaa hula humo, na ndege hula wadudu. Ukuta ukikaa juu ya chumba hicho, hakuna kilichobaki.

Mahali ambapo jambo hili limepimwa kwa makini sana ni Puget Sound, katika jimbo la Washington, Marekani. Zaidi ya robo ya mwambao wake, ambao una urefu wa takriban kilomita 4,000, iliwekewa kuta na mawe. Huko si kasa anayehitaji ufuo wa juu, ni samaki wadogo waitwao smelti, wanaotaga kwenye changarawe laini karibu na mstari wa maji kujaa. Kuta zilipoondoa kivuli cha miti, mawe yalipata joto na mayai yakakauka. Utafiti mmoja wa mwaka 2006 ulikuta kwamba sehemu ya mayai iliyokuwa hai kwenye ufuo ulioharibiwa ilikuwa takriban nusu ya ile ya ufuo wa asili. Smelti ni chakula cha samoni, na samoni aina ya Chinook ni chakula cha nyangumi aina ya orka. Tangu hapo jimbo hilo limekuwa likiwasaidia wenye viwanja kubomoa kuta zao, na mengi ya maarifa yaliyo hapa chini yamejaribiwa kwanza kule. Nimeyapima kwa bahari yetu, yenye pepo mbili, kusi na kaskazi, na maji yanayopanda na kushuka hadi karibu mita 4 siku za bamvua.

Hatua ya 1: Amua kama ukuta wako unafaa kubomolewa

Si kila ukuta ubomolewe. Ukuta wa bahari uliojengwa mbele ya Fort Jesus kule Mombasa unalinda ngome iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2011, na ngome haihamishiki. Barabara kuu, hospitali, kisima pekee cha kijiji: hivi navyo vina sababu ya kubaki na kinga.

Jiulize maswali manne, na uyajibu kwa kupima, si kwa kukisia. Nyumba iko mita ngapi kutoka ukutani? Je, nyuma ya ukuta kuna nafasi ya ardhi kushuka kwa mteremko wa polepole bila kufika msingi wa nyumba? Ukuta ulijengwa kwa sababu ya mmomonyoko wa kweli, au kwa ajili ya kupata bustani sawa na mahali pa kuweka viti? Na je, upande wa juu wa mkondo mchanga bado unakuja?

Ukuta uliojengwa kwa ajili ya bustani, ukiwa na nyumba mbali nyuma yake, ndio wa kwanza kubomolewa. Kuta za namna hiyo ni nyingi kuliko wenyewe wanavyokiri. Ikiwa nyumba iko hatua chache tu kutoka ukutani, soma Hatua ya 5 kabla ya kugusa jiwe.

Hatua ya 2: Utazame ufuo mwaka mzima

Hapa ndipo watu hukosa subira, na hapa ndipo kazi hupona au kuharibika. Ufuo wa mwambao wetu una sura mbili. Wakati wa kusi, takriban Mei hadi Septemba, mawimbi hutoka kusini mashariki na kusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, sehemu yake hurudishwa kusini. Mtu akipima mwezi Agosti peke yake ataogopa bure. Akipima Februari peke yake anaweza kutulia bure.

Njia ya kupima ni rahisi, haihitaji mhandisi. Mwanajiolojia wa Marekani, K. O. Emery, aliieleza mwaka 1961, na inafaa sana kwetu kwa sababu upeo wa bahari tunauona wazi. Tafuta fito mbili zilizonyooka zenye urefu wa mita moja na nusu kila moja. Zichore alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini. Zifunge kwa kamba ya mita moja na nusu, ili umbali kati yake usibadilike.

Anza kwenye alama isiyohama: kona ya nyumba, mnazi mkubwa, au nguzo uliyoizamisha kwa zege mbali na maji. Simamisha ufito wa kwanza hapo, wa pili uupeleke upande wa bahari mpaka kamba ikaze. Simama nyuma ya ufito wa bara, jicho moja likiwa limefumbwa, na ushushe kichwa mpaka ncha ya ufito wa bahari ilingane na mstari ambapo mbingu na maji hukutana. Soma mstari huo unapokata ufito wa bara: hizo sentimita kutoka juu ndizo mchanga ulizoshuka katika hatua hiyo. Andika. Hamisha fito, ufito wa bara ukae pale ulipokuwa wa bahari, na uendelee mpaka kwenye maji. Pale mchanga unapopanda badala ya kushuka, linganisha ncha ya ufito wa bara na upeo, usome ufito wa bahari, na uandike kwa alama ya kujumlisha.

Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, siku maji yanapopwa sana wakati wa bamvua, kwenye mistari mitatu angalau: mbele ya ukuta, kushoto kwake na kulia kwake, mistari miwili ya pembeni ikiwa kwenye ufuo usio na ukuta ikiwezekana. Piga picha kutoka mahali pale pale kila mara. Baada ya miezi 12 utakuwa na mchoro wa ufuo ukipumua, na mchoro wa ufuo wa jirani usio na ukuta ndio utakaoiga baadaye. Hakuna kitabu kitakachokupa mteremko sahihi wa ghuba yako. Ghuba yenyewe inao.

Andika pia alama ya juu kabisa iliyofikiwa na maji katika bamvua kubwa za karibu na mwezi Machi na Septemba. Wazee wavuvi wataijua kabla hujauliza.

Hatua ya 3: Ufuate mchanga mpaka unakotoka

Kuna aina mbili kuu za mchanga katika pwani yetu, nazo hutaka mambo tofauti.

Wa kwanza huletwa na mito. Sabaki humwaga mzigo wake karibu na Malindi, kiasi kwamba ufuo wa hapo umekuwa ukipanuka. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mambo yalikwenda kinyume: vijito vinavyolisha fukwe hizo vilichimbwa mchanga wa kujengea kwa miaka mingi, na hoteli ya Africana ikaishia kumezwa na bahari. Kama ufuo wako unalishwa na kijito, nenda ukakitembelee kwa miguu. Ukikuta malori yanapakia mchanga kitandani mwake, tatizo lako haliko baharini, na kubomoa ukuta kabla ya kusimamisha uchimbaji ni kumfungulia mgonjwa bandeji huku kisu bado kimo jerahani.

Wa pili hutengenezwa na mwamba wa matumbawe wenyewe. Mchanga mweupe wa Jambiani, wa Diani, wa fukwe nyingi za mashariki ya Unguja, ni vipande vya matumbawe, vya makombora, na vya mwani wa chokaa aitwaye Halimeda. Samaki pono hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Mwamba ukifa, au pono wakivuliwa wote, kiwanda kimefungwa. Kwa ufuo wa namna hii kazi huanza kipwani: uliza hali ya mwamba, uliza kama baruti au makokoro yanatumika, na uangalie nyasi za bahari zinazotuliza maji kati ya mwamba na ufuo.

Kisha angalia kama kuna vikuta vinavyoingia baharini, gati, au ukuta mwingine upande unakotokea mchanga. Kama kuna jirani anayeuzuia mchanga wako, mazungumzo naye ni sehemu ya mradi.

Hatua ya 4: Watu kwanza, kisha vibali

Ukuta ukiondoka, wa kwanza kuguswa ni jirani ambaye ukuta wake ulikuwa umeungana na wako. Mwisho wa ukuta wake sasa uko wazi, na maji yatazunguka nyuma yake. Usimshtukize. Nenda kwake na daftari la vipimo, mkae, na mkubaliane ama abomoe nanyi ama mumjengee mkono wa ukuta unaopinda kuelekea bara ili maji yasimwingilie. Kubomoa kuta tatu kwa pamoja ni rahisi na salama kuliko kubomoa moja katikati.

Wavuvi wenye diko hapo, kina mama wanaolima mwani, wapiga makasia wa ngalawa, kikundi cha usimamizi wa ufuo huo (BMU), na kwa Zanzibar sheha na kamati ya wavuvi: hawa wanajua mambo ambayo vipimo vyako havisemi. Mahali ambapo ukuta una ngazi, ngazi hiyo ni njia ya mtu. Panga njia mpya kabla ya kuivunja.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka mwambao, shughuli za kudumu zinazoweza kuhatarisha mazingira yake. Kazi kama hii hupelekwa NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, kwa tathmini ya athari kwa mazingira. Chombo kama hicho Zanzibar ni ZEMA, Kenya ni NEMA. Kwa Kenya, Ibara ya 62 ya Katiba inaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma, kwa hiyo sehemu kubwa ya ufuo utakaoufungua si yako, na hilo liwe jambo la kukufurahisha, maana unaurudisha kwa wenyewe. Mikoko ikiguswa, idara ya misitu lazima ijulishwe. Usidhani kwamba kwa kuwa unaondoa badala ya kujenga, kibali hakihitajiki. Mtambo ufuoni ni mtambo ufuoni.

Ukihitaji hoja ya kumshawishi ofisa au jirani, mwambie kwamba North Carolina ilipiga marufuku kuta ngumu za pwani tangu mwaka 1985, na Hawaii ikazuia mwaka 2020 kuta mpya za watu binafsi kwenye fukwe zake za mchanga. Ni sehemu zinazoishi kwa utalii wa bahari, na zilijua zinachokipoteza.

Hatua ya 5: Chagua namna ya kubomoa

Kuondoa wote. Ndiyo bora, pale nyumba iko mbali na mchanga unakuja. Ukuta unatoka, udongo wa nyuma unakatwa kwa mteremko unaofanana na wa ufuo wa jirani, na kazi nyingine inaachiwa bahari.

Kuusogeza nyuma. Kama kuna kitu kisichoweza kuachwa wazi, jenga kinga mpya ndogo karibu na kitu hicho, mbali na maji, kisha ubomoe ule wa mbele. Kinga mpya ijengwe kwanza. Waingereza walifanya hivyo kwa ukubwa mno huko Medmerry, pwani ya kusini: walijenga tuta jipya la takriban kilomita 7 bara, na mwaka 2013 wakalikata lile la mbele, bahari ikaingia na kinamasi cha chumvi kikaanza kuota. Kwa mwenye kiwanja kimoja hesabu ni ndogo, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule.

Kuhamisha nyumba. Banda la makuti, mgahawa wa mbao, choo cha wageni: hivi huhamishwa kwa wiki moja na fundi mzuri. Mara nyingi ukuta wa zege unalinda kitu cha thamani ndogo kuliko ukuta wenyewe.

Kuondoa nusu ya kimo sikupendi. Ukuta uliopunguzwa huendelea kuchota mchanga miguuni na sasa maji huuruka pia. Ukilazimika kugawa kazi, gawa kwa urefu: fungua upande mmoja kabisa, utazame misimu miwili, kisha ufungue mwingine. Bustani ya umma ya Seahurst, mjini Burien katika Puget Sound, ilifanyiwa hivyo: sehemu ya kusini mwaka 2005, ya kaskazini mwaka 2014, na waliojenga ya pili walikuwa wamekwisha kusoma ya kwanza kwa miaka tisa.

Kabla ya yote chora kilichozikwa nyuma ya ukuta: karo la choo, bomba, waya wa umeme, kisima, mfereji wa maji ya mvua. Karo ndilo la kwanza kuhamishwa, bila mjadala. Maji ya paa nayo yaelekezwe bara, kwa sababu mfereji unaomwaga juu ya mteremko mpya utaukata kwa mvua moja.

Hatua ya 6: Kubomoa

Chagua msimu. Kwa ufuo unaotazama mashariki au kusini, wakati mzuri ni tangambili baada ya kusi kupungua, Oktoba hadi Novemba. Bahari imetulia, kasa wengi hawatagi wakati huo (hutaga zaidi kati ya Februari na Julai), mvua za vuli zinakuja kusaidia mimea, na ufuo unapata miezi mingi kabla ya kusi ijayo. Ghuba inayotazama kaskazini ina hesabu yake. Daftari lako litakwambia.

Hata nje ya msimu wa kutaga, tembea ufuoni kila alfajiri wiki mbili kabla. Njia ya kasa ni kama alama ya tairi la trekta kutoka majini. Ukiipata, mwite mlinzi wa kasa wa eneo lako, usisogeze mayai mwenyewe.

Kisha mpangilio, nao usigeuzwe:

Kwanza chimba nyuma ya ukuta, ukuta ukiwa bado umesimama. Kilichojazwa humo mara nyingi si mchanga: ni udongo mwekundu, vifusi, chupa, mifuko ya plastiki, mabati. Ukibomoa kabla ya kukitoa, bahari itakisambaza juu ya mwamba na nyasi zake kwa miaka. Nitarudia kwa sababu kosa hili ndilo la kawaida na halirekebishiki: toa ujazo kwanza.

Pili, bomoa sehemu ya juu siku za maji mafu, maji yasipopanda sana. Mtambo wa kuchimbia, ule mafundi wanaouita kijiko, usimame upande wa bara na kuvuta mawe kuelekea kwake. Usishuke ufuoni ila hapana budi. Asubuhi angalia mabomba yake ya mafuta, na mafuta yajazwe mbali na maji.

Tatu, ng'oa msingi siku maji yanapopwa sana wakati wa bamvua, kwa vipande ambavyo unaweza kumaliza na kufukia kabla maji hayajarudi. Mita chache kwa siku zatosha. Msingi wote utoke, na nondo zote. Nondo iliyoachwa chini ya mchanga itaonekana siku kusi itakapouchukua mchanga huo, na atakayeiona kwanza ni mtoto anayekimbia.

Viroba vya zamani na vitambaa vya plastiki vilivyotandikwa chini ya mawe vifuatwe kwa mkono mpaka uzi wa mwisho. Mawe ya matumbawe yaliyo safi yanaweza kutumika bara kwa uzio au msingi. Usiyaache ufuoni kama "mapambo". Rundo la mawe ni ukuta mfupi.

Nne, kata mteremko. Fuata mchoro wa ufuo wa jirani, na pembeni unganisha polepole, kusiwe na kona.

Kuhusu kuongeza mchanga: kama ufuo ulio mbele ya ukuta umeshuka sana, mzigo wa mwanzo huusaidia kuanza. Chembe zake ziwe sawa na za ufuo au kubwa kidogo. Chembe ndogo huondoka na wimbi la kwanza. Tia konzi moja kwenye chupa ya maji safi, tikisa, ngoja. Maji yakibaki na tope, mchanga huo haufai. Rangi nayo ina maana: mchanga wa giza hupata joto zaidi, na joto la kiota ndilo linaloamua jinsia ya kasa, majike wakizidi joto likipita takriban nyuzi 29. Na usiununue kutoka kwenye kijito kinacholisha pwani. Utakuwa umeiba mfuko wa kushoto ili ujaze wa kulia.

Hatua ya 7: Kupanda, na kutopanda

Mlakasa ndio mmea wa kwanza. Kata mashina ya mita moja, yalaze kwenye vijifereji vya mchanga juu ya mstari wa bamvua, fukia na uache ncha nje, mvua zikianza. Yatatambaa na kukamata mchanga unaopeperushwa. Nyuma yake weka nyasi za pwani zilizopo ghubani kwako, na mikadi nyuma zaidi. Zungushia kamba na vijiti msimu wa kwanza, mbuzi na wageni wasipite.

Mivinje nisingeipanda ukingoni, ingawa ndiyo inayopandwa kila mahali. Vijani vyake hufunika ardhi hata mimea midogo isiote, na mizizi yake ikifukuliwa mti huanguka na donge zima la mchanga.

Mikoko ni ya mahali pake: ghuba tulivu, mdomo wa kijito, tope. Kuipanda kwenye ufuo wa mchanga wenye mawimbi ni kuwavunja watu moyo, maana miche yote hung'olewa. Ikiwa ukuta wako ulikuwa kwenye kijito chenye mikoko, fungua kwanza njia ya maji ya bamvua yaingie na kutoka, kisha ungoje: mara nyingi mbegu hujileta zenyewe. Zisipokuja, fuata mpangilio wa asili, mlilana upande wa bahari, mkoko katikati, mkandaa na mchu kuelekea bara. Wanakijiji wa Gazi, kusini mwa Kenya, wanaoendesha mradi wa kutunza mikoko uitwao Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013 kwenye hekta 117, ni watu wa kwenda kuwauliza ana kwa ana.

Usifagie mwani na nyasi zinazoletwa na maji. Toa plastiki kwa mkono, yaliyobaki yaache. Wageni wakiuliza, waeleze. Wengi hupenda wakielewa. Taa zinazotazama bahari zizimwe au zifunikwe, kwa sababu vifaranga vya kasa hufuata mwanga na kuishia barabarani.

Hatua ya 8: Miaka mitano ya daftari

Kusi ya kwanza itakutisha. Ufuo utarudi nyuma, na ukingo wa mchanga kama ngazi, pengine wa kufika magotini, utatokea juu ya mteremko wako. Hilo ni ghala likifunguliwa, linatoa ulichokuwa umelifungia. Usikimbilie viroba. Pima kwa fito zako kila mwezi kwenye mistari ile ile mitatu, na ulinganishe Agosti na Agosti, Februari na Februari, kamwe si Agosti na Februari.

Cha kukuhangaisha ni hiki: kaskazi mbili zikipita na mchanga haukurudi hata kidogo, au ukingo ukisogea kwa kasi ile ile mwaka wa pili, wakati mistari ya pembeni haibadiliki. Hapo rudi Hatua ya 3, kuna mtu anayezuia au kuchukua mchanga wako. Ongeza mlakasa, ongeza mzigo mmoja wa mchanga unaolingana, sogeza banda nyuma tena. Cha kufurahisha andika nacho: tarehe ya shimo la kwanza la kaa juu ya mstari wa bamvua, mita za mlakasa uliotambaa, njia ya kwanza ya kasa.

Daftari lisikae kwa mtu mmoja. Nakala moja iwe kwa katibu wa BMU au kwa sheha, nyingine shuleni, na fito zile mbili zihifadhiwe mahali panapojulikana na watu wawili angalau, ili mwezi ambao wewe umesafiri kipimo kisikosekane.